Presha 70/40 na aota imechanika: unaanzia wapi, na stenti inaingia saa ngapi

Hii nawaandikia wenzangu wa kasualti huku kanda ya ziwa, maintani, matabibu, manesi wa zamu ya usiku, na yeyote anayepokea majeruhi wa barabara ya Musoma au ya Shinyanga saa nane za usiku akiwa na ultrasaundi moja na simu yenye chaji asilimia 12. Nyie mabingwa wa mishipa mnaweza kuruka mpaka kwenye habari za saizi za stenti, ule mrija wenye kitambaa unaowekwa ndani ya aota (mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni) kufunika palipochanika, huko ndo nina ugomvi na nyie kidogo.

Miaka ya nyuma, hospitali siitaji, tuliletewa kondakta wa Hiace. Alikaa kiti cha mbele, mkanda hamna, wamekutana uso kwa uso na Fuso ya mchanga. Presha 70/40, mapigo 138, kifuani dashibodi imemwachia alama kama muhuri. Tukammwagia lita mbili za maji, presha ikapanda 95, tukafurahi, tukamkimbiza CT. Kwenye skrini, pale aota inapoanza kushuka, kuna kitu kimechomoza mfano wa kidole gumba. Basi, kila mtu akawa mtaalamu wa aota. Mmoja anapiga simu Dar, mwingine anauliza stenti bei gani, mwingine kashaagiza labetaloli eti presha ishuke mshipa usije ukapasuka, na mimi nimesimama hapohapo natazama picha kama natazama mechi. Aliyetuamsha ni sista wa zamu, alikuwa kamshika mgonjwa mkono, akasema, "Dokta, mbona tumbo linakua?" Bandama ilikuwa vipande viwili. Hatukufika thieta. Aota yake mpaka anafariki ilikuwa vilevile tulivyoiona kwenye picha, damu yote ilikuwa tumboni.

Kwahiyo ninalolisema humu lote ni hili: mgonjwa yuko shoku (presha imeanguka, mwili haupati damu ya kutosha) na picha inaonyesha aota imechanika, we chukulia kuna kitu kingine kinammaliza mpaka umetafuta na umekosa. Stenti ni kitu kizuri sana ila ina zamu yake.

Kwanini iwe hivyo

Aota ikitoka kwenye moyo inapanda, inapinda, inatoa mishipa ya kichwa na mikono, alafu inashuka imelala pembeni ya uti wa mgongo. Ya juu inaning'inia na moyo, inacheza. Ya chini imeshikwa. Na hapo kwenye maungio, muda mfupi tu baada ya mshipa wa mkono wa kushoto, kuna kamba ndogo iliyobaki tangu mtu akiwa tumboni kwa mama yake, inaifunga aota kwenye mshipa wa mapafu. Fikiria mtumbwi uliofungwa kamba pale Mwaloni Kirumba, wimbi kubwa likapiga ghafla: mtumbwi unaruka, nguzo haijongei, kinachoumia ni pale kamba iliposhika. Gari lililokuwa spidi likisimama ghafla, bodaboda aliyerushwa, fundi aliyedondoka toka juu ya mwamba (na Mwanza hii tunavyojenga juu ya mawe), wote mambo ni yaleyale.

Ukuta wa aota una tabaka tatu. Likichanika la ndani tu hiyo ni gredi 1. Damu ikijipenyeza katikati ya ukuta, gredi 2. Ndani na kati vikikatika, likabaki ganda la nje peke yake limezuia na pamevimba, gredi 3, yaani tyubu imeshaachia, tairi ndo limebaki limeshikilia. Gredi 4 tairi nalo limepasuka, damu inamwagika huru. Hawa wa 4 wengi hatuwaoni kabisa. Parmley na wenzake kule Marekani mwaka 1958 walichapisha kesi 275, zaidi ya 8 kati ya 10 walikuwa wamekufa kabla ya matibabu yoyote ya maana. Sasa mtu kagongwa Sengerema, kapakiwa nyuma ya pikapu, kavuka daraja la Kigongo–Busisi (shukuru limefunguliwa 2025, zamani angekuwa bado yuko foleni ya kivuko), kafika kwako bado anahema. Huyo ganda la nje limemshika safari nzima. Aota ikipasuka kweli haikupi muda wa kuandika jina kwenye faili. Presha ya 70 ya mtu aliyesafiri saa nzima mara nyingi inatoka kwenye bandama, ini, nyonga, mapaja, au kifua kwa sababu nyingine.

Robo saa ya mwanzo

Kanula mbili kubwa, ya chungwa au ya kijivu, siyo ile ya pinki. Presha pima mikono yote miwili alafu shika mapigo ya kinena pande zote, ukikuta mkono wa kulia presha kubwa kinena kinapiga kwa mbaaali, aota inaweza kuwa imeziba nusu na ule uvimbe, hiyo ni dalili mbaya, iandike. Na kuanzia sasa presha ya kumfuatilia ichukuliwe mkono wa kulia. Ukiwa na laini ya ateri, ule mrija wa kupimia presha ndani ya mshipa, iweke kulia pia, maana huko mbele stenti inaweza kuuziba mshipa wa mkono wa kushoto na monita ikaanza kukudanganya katikati ya kazi, watu wanahangaika na adrenalini kumbe mgonjwa mzima.

Alafu tafuta damu. Inakaa sakafuni, kifuani, tumboni, nyonga na nyuma ya tumbo, na mapajani, zaidi ya hapo hamna pa kujificha. Kichwa kilichochanika kinamwaga kuliko watu wanavyodhani, shona haraka hata kama mshono haupendezi. Paja lililovunjika livute ulinyooshe.

Nyonga nayo ifunge, na hapa nikae kidogo maana karibu kila wiki naona kitenge kimefungwa kiunoni kama mama anayeenda sokoni. Siyo hapo. Weka viganja pembeni ya makalio ya mgonjwa, kuna mfupa unachomoza juu ya paja kila upande, ule unaougusa ukilalia ubavu kwenye sakafu ngumu. Katikati ya kitenge ipite juu ya mifupa hiyo miwili, watu wawili mvute kwa pamoja, mzungushe ncha na kuzibana, magoti na miguu yafungwe pamoja vidole vikielekea ndani. Ukifunga juu, kwenye mfupa wa kiuno, unaweza kuifungua nyonga badala ya kuibana. Ukishafunga usifungue eti nesi mpya aone. Na usimtikise mgonjwa kupima kama nyonga inacheza, inacheza, amini tu.

FAST, ile ultrasaundi ya haraka ya kutafuta damu ndani ya mwili, fanya mwenyewe au simama pembeni ya anayefanya. Ikiwa safi, rudia baada ya dakika 10 au 15, maana damu inahitaji muda kujikusanya, na kumbuka haioni vizuri nyuma ya tumbo. Angalia na mfuko wa moyo. Ukikuta damu imeubana moyo, au hewa imejaa upande mmoja wa kifua, hiyo ni shoku unayoitatua kwa mikono yako dakika hiyohiyo bila CT yoyote. Na kama presha iko chini ila mapigo ni 55 na ngozi ina joto, fikiria uti wa mgongo umeumia.

Eksirei ya kifua akiwa amelala: katikati ya kifua papana kuzidi sentimita 8, kile kibonge cha aota hakionekani mpaka wake, koo la hewa limesukumwa kulia, kofia nyeupe juu ya pafu la kushoto, damu kifua cha kushoto. Mojawapo ikiwepo shuku. Ila eksirei safi haimtoi mtu kwenye hatari, kama ajali ilikuwa ya nguvu bado anahitaji CT ya dawa (ile inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane) akishatulia.

Mpira wa kutolea damu kifuani ukitoa mililita 1500 papo hapo, au ukaendelea na 200 kila saa kwa masaa kama mawili mpaka manne, huyo ni wa kufunguliwa kifua, mwite daktari wa upasuaji. Na kama ni kifua cha kushoto na picha inatia shaka ya aota, hakikisha damu ya kumwongezea imeshaning'inia kabla hujachoma mpira, maana ile damu ndani inaweza kuwa ndo inasaidia kubana pale palipochanika.

Damu, maji na dawa

Maji punguza. Lita mbili tulizompa yule kondakta zilimpandisha presha kwa dakika 20 tu na kuyeyusha hata ile damu kidogo iliyokuwa imeanza kuganda. Kama hana jeraha la kichwa, presha ya juu 80 mpaka 90 inatosha mpaka uvujaji udhibitiwe. Akiwa ameumia kichwa sana huwezi kumwacha huko, ubongo unataka 100 mpaka 110 na zaidi, hapo unaishi na shaka ya aota huku unaulinda ubongo, hamna namna.

Damu nzima ukiipata ni baraka, ukiwa na vipande basi chembe nyekundu, plazma na chembe sahani zikimbizane kwa uwiano sawa, uniti moja ya kila aina. Kwetu tatizo linajulikana, Damu Salama wanakuwa na uniti chache za O hasi, kwahiyo wakati unafunga nyonga mtu mwingine awe tayari nje anaongea na ndugu, "jamani mnaoweza kutoa mkono juu", siyo wasubiri mpaka saa moja asubuhi. Kalsiamu usiisahau kuanzia uniti za mwanzo, ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mfuko inaila kalsiamu ya mgonjwa. Na baridi! Watu wanasema Mwanza joto, sawa, lakini mtu katolewa mtaroni kalowa, kavuliwa nguo zote, kalala kwenye bati la machela chini ya feni saa nane usiku, huyo anapoa na mtu akipoa damu haigandi. Mfunike, zima feni.

TXA, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 kwa dakika 10, ikifuatiwa na gramu 1 kwa masaa 8, ila ianze ndani ya masaa 3 tangu ajali. Ule utafiti mkubwa wa CRASH-2 wa 2010 wenye wagonjwa zaidi ya elfu 20 ulionyesha inaokoa, na uchambuzi uliofuata ukaonyesha ukichelewa kupita masaa 3 inaweza kudhuru. Muulize aliyemleta, ajali ilikuwa saa ngapi, na usikubali jibu la "jioni jioni".

Labetaloli na esmololi: siyo kwa mtu aliye shoku. Najua vitabu vinasema aota iliyochanika lazima presha ishushwe, na ni kweli, ukishusha presha na kasi ya mapigo ule ukuta unapigwa taratibu na uwezekano wa kupasuka unapungua. Lakini hiyo ni kwa mtu ambaye kashaacha kuvuja na presha yake ni 150. Mapigo 138 ya mtu anayevuja ndo kitu pekee kinachomweka hai, ukiyashusha kwa dawa unamzima. Subiri tumbo lifungwe, damu irudi, presha ipande yenyewe, hapo sasa anza, presha ya juu isizidi 120, mapigo chini ya 100 na kama anavumilia yashuke zaidi. Anza na dawa ya maumivu kwanza, mbavu sita zilizovunjika zinapandisha presha ya mtu yeyote.

Kingine, riboa, lile puto la kuziba aota kutokea kinenani. Wachache wetu tunalo ila wengi wanalisoma mitandaoni wanatamani. Kama unashuku aota ya kifua imechanika usilipulize kifuani, unapandisha presha ghafla juu ya puto, palepale kwenye kidonda.

Nani anaenda wapi

FAST ina damu na presha haipandi: tumbo kwanza, thieta, hata kama eksirei ya kifua inapiga kelele za aota. Daktari wa upasuaji azuie damu tu, ajaze vitambaa vya thieta kubana panapovuja, atoke, mambo ya kupendeza baadaye. Nyonga inavuja: ibanwe, ijazwe vitambaa mbele. Akitulia ndo CT, kutoka kichwa mpaka nyonga, kwa dawa. Na ukifika kwenye skrini anza kusoma chini kupanda juu, tumbo, kifua, alafu aota mwishoni. Mi nafanya hivyo mpaka leo, wenzangu wananicheka, wacheke.

Aota inakuwa ya kwanza pale tu ambapo umetafuta kote hamna, na kifua cha kushoto kinaendelea kujaa, au CT inaonyesha dawa inamwagika nje ya mshipa. Hiyo ni gredi 4, hamna cha kusubiri. Gredi 1 wengi wanapona bila stenti, dawa za presha na picha nyingine siku chache baadaye. Gredi 2 mabingwa wanabishana. Gredi 3 inahitaji stenti, ila akiwa ametulia na presha imeshikwa, kusubiri siku moja au zaidi mpaka majeraha mengine yatengenezwe hakumpunguzii nafasi, na mara nyingi kunamwongezea.

Ndo maana rufaa ya usiku wa manane si lazima. Kutoka hapa mpaka Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, hiyo sahau. Ndege ni saa moja na kidogo, lakini ukimpandisha mtu anayevuja unamsindikiza kufa hewani. Anayepanda ndege ni yule ambaye tumbo limefungwa, nyonga imefungwa, presha imeshikwa. Mpira wa kifuani usibanwe kwa klempu njiani, hewa iliyobaki kifuani inatanuka ndege ikipanda. Na piga simu kwanza, iwe JKCI (taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, Dar) au popote penye kathlabu, chumba cha kupitisha mirija mishipani kwa kutazama eksirei, usiulize tu "mna stenti?", uliza saizi gani zipo kwenye shelfu leo. Watumie vipimo: kipenyo cha aota juu na chini ya kidonda, umbali kutoka mshipa wa mkono wa kushoto mpaka kidonda, upana wa mishipa ya kinena. Picha moja ya WhatsApp haisaidii, rekodi video ukishusha vipande taratibu kuanzia shingoni mpaka kinenani, alafu CD nayo asafiri nayo.

Stenti yenyewe, na ule ugomvi wangu

Zamani ilikuwa kufungua kifua cha kushoto, kuibana aota kwa klempu, kukata na kushona kitambaa, na sehemu ya wagonjwa walikuwa wanaamka hawana miguu kwa sababu uti wa mgongo ulikosa damu wakati klempu imebana. Nikolay Volodos kule Kharkiv mwaka 1987 ndo aliweka kwa mara ya kwanza stenti yenye kitambaa ndani ya aota ya kifua, na mgonjwa wake alikuwa na uvimbe uliotokana na jeraha, yaani teknolojia hii ilianzia kwa watu kama hawa wetu.

Kazi inavyokwenda: mgonjwa chali, apakwe dawa kuanzia kidevuni mpaka magotini, kinena zote mbili wazi na mkono wa kushoto uwe unafikika. Chagua kinena cha upande usio na nyonga iliyovunjika. Presha ikiwa chini mapigo ya kinena huyasikii, usichome kwa kubahatisha, tumia ultrasaundi au chana uuone mshipa kwa macho. Mrija wa kupitishia stenti ni mnene, 18 mpaka 24 French, na French 3 ni milimita 1, kwahiyo 24 ni milimita 8. Msichana wa miaka 19 aliyeishiwa damu mshipa wake wa kinena unaweza usifike hapo. Ukilazimisha unauchana, sasa una majeraha mawili.

Waya laini kwanza, taratibu, unatazama kwenye skrini muda wote ukipita palipochanika, usisukume kitu kinachokataa. Katheta inafuata, ndani ya katheta ndo unabadilisha waya mgumu, ncha yake iliyojikunja ikae karibu na vali ya aota, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuitazama hiyo ncha tu, ikizama kwenye moyo inautoboa. Mashine ya picha izungushwe upande wa kushoto wa mgonjwa nyuzi 45 mpaka 60 ili upinde wote ufunguke. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mtu aliyetoka kupasuliwa tumbo au mwenye damu kichwani, dozi ndogo au usitoe kabisa, fanya haraka, suuza mirija.

Stenti inahitaji kama sentimita 2 za ukuta mzima wa kujishikiza juu ya kidonda, na kwa kuwa kidonda kiko karibu na mshipa wa mkono wa kushoto mara nyingi lazima uufunike. Kwenye dharura unaufunika, mkono unapata damu kwa njia za pembeni, ukibaki na maumivu au kizunguzungu atawekewa njia mpya kutoka mshipa wa shingo baadaye. Ila angalia kwanza kwenye CT mshipa wa kushoto unaopanda nyuma ya shingo kwenda kwenye ubongo, kama ndo mkubwa na wa kulia ni uzi tu, tulia ufikirie kabla ya kufunika. Kawaida stenti fupi, sentimita 10 hivi, inatosha, ndo maana kupooza miguu siku hizi ni nadra. Ikishafunguka usipulize puto kuisawazisha kama hamna damu inayopita pembeni, ukuta ule umeshachanika, utaumalizia.

Sasa ugomvi. Saizi. Mtu akiwa shoku aota yake inasinyaa, ni mshipa wa kijana, laini, una mpira, damu ikipungua unajikunyata. Mnapima kwenye CT iliyopigwa presha ikiwa 70, mnapata tuseme milimita 20, mnaongeza asilimia 10, mnaleta stenti ya 22. Siku ya tatu mgonjwa kajaa damu, aota imerudi 23 au 24, stenti inaelea ndani kama mguu wa mtoto kwenye gambuti la baba, damu inapita pembeni na uvimbe unaendelea kukua. Wengine kwa kuogopa hilo wanaruka kwenye kubwa mno, na hiyo nayo ndani ya aota ndogo yenye kona kali inajikunja, mdomo wake wa chini haulali kwenye ukuta, damu inaingia chini yake na kuibamiza mpaka inalala, na mwili wote wa chini unakosa damu.

Kwahiyo ombi kwa wa CT: andikeni presha ya wakati wa picha juu ya ripoti. Neno moja tu, "presha wakati wa skani 72/40". Na nyie mabingwa mkiona namba hiyo msiagize kwa kipimo hicho, pimeni upya baada ya damu kurudi, kwa CT nyingine au kwa ultrasaundi ya ndani ya mshipa mkiwa nayo kathlabuni. Kama ni gredi 4 na hamna muda, chukueni kubwa kidogo, karibu na asilimia 20 badala ya 10, mkijua kabisa mnafidia nini.

Baada ya hapo

Kabla ya kutoka mezani shika mapigo ya miguu yote miwili. Akiamka aambiwe "sogeza vidole vya miguu", kila saa usiku wa kwanza, na iandikwe, siyo nesi akumbuke kwa kichwa. Sasa presha usiibane tena kama mwanzo, kidonda kimefunikwa, uti wa mgongo unataka damu. Mkono wa kushoto ukiwa wa baridi ila unasogea na hauumi, vumilia. Miguu ikipoa, mkojo ukakata ghafla, presha ya mkono wa kulia ikapaa, fikiria stenti imelala, rudi CT mbio.

Picha ya kurudia kabla hajaruhusiwa, mwezi wa 1, miezi 6, mwaka, alafu kila mwaka. Hapa ndo tunapowapoteza. Mvuvi akishapona anarudi Ukara, msimu ukibadilika yuko kisiwa kingine, laini ya simu kabadilisha, kadi ya kliniki iliingia maji. Chukua namba tatu, yake, ya mke au mama, na ya mwenye mtumbwi anayemwajiri, huyu wa mwisho ndo huwa anapatikana. Mwandikie kwenye karatasi ya laminesheni kwamba ana stenti kifuani, saizi yake na tarehe, na kwamba presha ipimwe mkono wa kulia. Akishindwa nauli ya kuja CT, eksirei ya kawaida ya kifua huko Nansio inaonyesha kama stenti imehama au imevunjika, inatumwa kwa simu na jioni hiyohiyo umeshamjibu.